Mume wangu amepungua kimo na hataki daktari ajue

Dada Mshauri,

Salamu. Mimi ni fundi cherehani, kazi niliyoifanya zaidi ya miaka 30, na nakuandikia kwa sababu ya shati.

Mume wangu ana miaka 69. Miaka miwili na nusu iliyopita aliambiwa ana saratani ya tezi dume. Ilikuwa imeanza kutoka nje ya tezi lakini haikuwa imefika mbali, na picha za mifupa za wakati ule zilikuwa safi. Akapigwa mionzi, na tangu hapo anachomwa sindano ya kushusha homoni kila baada ya miezi mitatu. Tuliambiwa ataendelea nazo mpaka atimize miaka mitatu. PSA yake, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, imeshuka hadi karibu na sifuri. Kila tukienda kliniki tunapongezwa, tunachomwa, tunarudi nyumbani. Kuna joto la ghafla usiku, kuna jasho, kuna siku anakasirika bila sababu, hayo tumeyazoea. Ya chumbani nayo tumeyazungumza wenyewe yakaisha, kwa hiyo sikuandikii hayo.

Mwezi uliopita nilimshonea shati kwa vipimo nilivyokuwa navyo daftarini, vya kabla hajaugua. Alipolivaa, nyuma lilipanda, mbele likaning'inia. Fundi yeyote akiona hivyo anajua mteja ana mgongo uliopinda. Nikamwambia, "Simama wima." Akanijibu, "Nimesimama." Nikamsogeza ukutani nikampima. Sentimita 168. Kadi yake ya kliniki, siku ya kwanza kabisa, imeandikwa 172.

Alicheka, akasema uzee. Lakini usiku akaniambia ukweli. Miezi minne iliyopita aliinama kuinua ndoo ya maji, akasikia kitu kama kimekatika mgongoni. Akaumwa karibu wiki tatu akinificha, anameza dawa za maumivu kimyakimya, kisha yakapungua. Nilipomuuliza kwa nini hakusema kliniki, alinyamaza sana, halafu akasema, "Wakiniambia imeingia kwenye mifupa, basi." Amenikataza nisimwambie daktari.

Tangu hapo nyumba imejaa madaktari. Shemeji yangu, mdogo wake, ameleta vidonge vya kalsiamu, vya miligramu 600 kila kimoja, naye anameza vinne kwa siku. Ameleta pia chupa ya dawa ya majimaji isiyo na maelezo ya maana, eti inakaza mifupa na kurudisha nguvu za kiume. Mwanetu mkubwa amempiga marufuku baba yake kubeba hata kiti, kwa hiyo anashinda amekaa. Na rafiki yake waliyeanza naye matibabu anasema sindano za homoni ndizo zinazokula mifupa, aziache. Huyo rafiki mwenyewe anachomwa sindano nyingine ya mifupa kila mwezi, na hali yake si nzuri.

Je, ni kweli sindano zinakula mifupa? Kama ni kweli, mbona hakuna aliyetuambia kwa miaka miwili na nusu? Aziache? Na mimi niende kwa daktari kwa siri?

Fundi wa Mashati

JIBU

Dada yangu Fundi,

Kabla ya yote, muulize mumeo kuhusu miguu. Muulize leo. Inalegea? Inakufa ganzi? Anajikwaa mahali alipokuwa akipita bila kufikiri? Sehemu za siri au makalio yamepoteza hisia? Mkojo unakataa kutoka, au haja inatoka bila yeye kujua? Likiwapo hata moja, liache jibu langu hapo, mpeleke hospitali inayopokea dharura sasa hivi, na useme mlangoni: "Huyu ana saratani ya tezi dume na mgongo una shida." Mishipa ya fahamu inayopita ndani ya mgongo ikibanwa, ni saa chache zinazoamua kama mtu ataendelea kutembea. Kama miguu iko salama lakini maumivu yamerudi, yanamwamsha usiku, yanazidi akikohoa au akilala chali, au yanamzunguka kifuani kama mkanda, pigeni simu kliniki siku hiyohiyo.

Kama hakuna hata moja, basi vuta kiti tuzungumze.

Rafiki yake amesema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayowapeleka watu pabaya. Mfupa unaonekana mgumu kama jiwe, lakini haukai kama jiwe. Kila siku kuna seli zinazobomoa vipande vyake vilivyochakaa na nyingine zinazokuja nyuma kujenga upya. Kinachowazuia wabomoaji wasipitilize, hata kwa mwanaume, kwa kiasi kikubwa ni estrojeni. Ndiyo, ileile tunayoiita homoni ya kike. Mwili wa mwanaume huitengeneza kutokana na testosteroni yake. Sindano ya kliniki inazima testosteroni ili saratani ikose chakula, na testosteroni ikizimika, estrojeni nayo inaondoka. Wabomoaji wanabaki bila msimamizi.

Siri ya kuinyima saratani ya tezi dume homoni ilifunguliwa mwaka 1941 na daktari mpasuaji Charles Huggins huko Chicago, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Tangu wakati ule tiba hii imerefusha maisha ya wanaume wasiohesabika, mumeo mmojawapo. Lakini ina gharama, na mfupa ni mmoja wa wanaolipa. Mwanaume mzee asiyechomwa sindano hizi hupoteza kama nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito wa mifupa yake kwa mwaka. Anayechomwa hupoteza mara kadhaa ya hapo, na mwaka wa kwanza ndio mbaya kuliko yote. Mwaka 2005 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani uliofuatilia kumbukumbu za wanaume zaidi ya 50,000 wenye saratani ya tezi dume. Kati ya walioishi angalau miaka mitano baada ya kugunduliwa, waliovunjika mfupa walikuwa asilimia 19.4 kwa waliopewa tiba ya kushusha homoni, na asilimia 12.6 kwa wasiopewa. Ukiigeuza namba hiyo utaona pia kwamba wanaume wanne kati ya watano waliotibiwa hawakuvunjika.

Umeniuliza mbona hamkuambiwa. Sitawatetea. Nimefanya kazi ya uuguzi wodi za saratani miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii, na najua kliniki inavyokwenda: foleni ndefu, daktari anafungua faili, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye PSA. Ikiwa chini, kila mtu anafurahi na mgonjwa anayefuata anaitwa. Uzito hupimwa. Kimo hupimwa siku ya kwanza tu, kana kwamba mtu mzima hawezi kupungua. Mlipaswa kuambiwa habari ya mifupa siku ile ile ya sindano ya kwanza, na mumeo alipaswa kupimwa mifupa mapema. Mna haki ya kulisema hilo, na mkilisema kwa utulivu huenda likamsaidia na atakayekuja baada yenu.

Sasa tuje kwenye sentimita nne. Pingili za mgongo zikidhoofika, moja inaweza kujikunja kama kopo la bati lililokanyagwa, na haihitaji ajali. Kuinama na ndoo kunatosha, kukohoa kwa nguvu kunaweza kutosha. Wengine wanasikia kama alivyosikia mumeo, wengine hawasikii kitu kabisa. Pingili nyingi huvunjika bila mwenyewe kujua, na kinachomshtua ni nguo. Upande wa mbele wa pingili ndio hushuka zaidi, kwa hiyo mtu anapungua na papo hapo anainama mbele. Shati likapanda nyuma, likashuka mbele. Ulichokisoma kwenye shati ndicho daktari atakachokitafuta kwenye picha, na mtu aliyepoteza sentimita nne anastahili picha hiyo bila mjadala.

Hofu ya mumeo naielewa. Saratani ya tezi dume ikisafiri, mahali inapopenda kutua ni mifupani, na nisingekuwa mkweli nikikwambia hilo haliwezekani. Ila pingili iliyovunjika kwa mtu aliyechomwa sindano miaka miwili na nusu, mwenye PSA karibu na sifuri, mara nyingi ni mfupa uliokonda tu. PSA ya chini si hati ya usalama, lakini ni dalili nzuri. Anachokiogopa na alichonacho pengine ni vitu viwili tofauti, vyenye dawa tofauti na mwisho tofauti, na hakuna awezaye kuvitenganisha kwa kukaa gizani. Eksirei ya mgongo iliyopigwa kwa ubavuni itaonyesha pingili iliyojikunja. Ikiacha shaka, MRI itasema kama ni mfupa uliochoka au ni kitu kingine. Damu ipimwe PSA, kalsiamu, vitamini D na figo.

Halafu kuna kipimo cha uzito wa mifupa, kinachoitwa DEXA. Mtu analala kitandani, mashine inapita juu yake kwa dakika chache, mionzi yake ni kidogo sana, haichomi wala haiumi. Majibu huja kwa namba inayolinganisha mfupa wake na wa kijana mwenye afya. Kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida, kati ya -1 na -2.5 mfupa umeanza kukonda, -2.5 kwenda chini ni udhaifu kamili wa mifupa. Angalieni mtego mmoja: pingili iliyojikunja imebanana, na mashine inaweza kuisoma kama mfupa mnene. Mgongo wa mzee wenye vinundu vya baridi yabisi nao hudanganya hivyohivyo. Kwa hiyo kwa mumeo namba ya nyonga ndiyo ya kuaminiwa zaidi. Na kama eksirei itathibitisha kwamba pingili imevunjika kwa kuinua ndoo, basi mfupa umeshajieleza wenyewe. Anahitaji dawa hata kama namba ya DEXA itakuja nzuri, kwa sababu pingili moja ikivunjika, ya pili haiko mbali.

Dawa zipo, tena si za jana. Kuna vidonge vya alendroneti vya mara moja kwa wiki, kuna dripu ya asidi ya zoledroniki ya mara moja kwa mwaka, na kuna sindano ya denosumabu ya chini ya ngozi kila baada ya miezi sita. Hiyo ya mwisho ilijaribiwa kwa wanaume 1,468 waliokuwa kwenye tiba ya homoni kama mumeo, majibu yakatoka mwaka 2009. Baada ya miaka mitatu, waliovunjika pingili mpya walikuwa asilimia 1.5 kwa waliochomwa dawa, na asilimia 3.9 kwa waliochomwa maji matupu.

Hapa ndipo rafiki wa mumeo anapoingia, na nadhani ndiye anayemtisha bila kukusudia. Dawa hizi zina maisha mawili. Denosumabu ya kulinda mfupa uliokonda ni miligramu 60 kila miezi sita. Denosumabu ya mtu ambaye saratani imefika mifupani ni miligramu 120 kila wiki nne. Asidi ya zoledroniki nayo ni hivyo: miligramu 5 kwa mwaka kwa mfupa uliokonda, miligramu 4 kila wiki tatu au nne, au kwa nafasi ndefu zaidi, kwa saratani iliyofika mifupani. Kwa hiyo mumeo akiandikiwa "sindano ya mifupa", akakumbuka rafiki yake anachomwa "sindano ya mifupa", atadhani amehukumiwa. Mwambie mapema kwamba jina linaweza kuwa moja na kazi zikawa mbili. Waulizeni pale kliniki dozi na ratiba, kisha muandike kwenye daftari lako la vipimo.

Ningekuwa mimi, ningependelea dripu ya mwaka kwa mtu ambaye hana uhakika wa kufika kliniki kila tarehe inapotimia, mradi figo zake ziko vizuri. Sababu ni hii: denosumabu haina msamaha kwa anayechelewa. Ikiachwa ghafla, wabomoaji wanarudi kwa kishindo, na wapo watu waliovunjika pingili kadhaa kwa mkupuo miezi michache baada ya sindano waliyoikosa. Anayeianza aianze akijua kwamba siku ya kuiacha lazima apewe dawa nyingine ya kushika nafasi. Dripu ya kwanza nayo ina kero zake, homa na mwili kuuma kwa siku moja hadi tatu, jambo linalotulizwa na parasetamoli na maji ya kutosha. Vidonge vya kila wiki ni vizuri kwa mwenye nidhamu: asubuhi tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, halafu akae wima nusu saa bila kulala wala kula, la sivyo koo la chakula linaweza kuungua. Lakini uamuzi ni wa daktari anayezijua figo zake na wa mumeo mwenyewe. Mimi nawapa maswali ya kwenda nayo.

Kabla ya dawa yoyote ya aina hii, aonane na daktari wa meno. Dawa hizi hupunguza ukarabati wa mifupa, na taya ni mfupa unaokarabatiwa sana. Jino likingolewa wakati dawa iko mwilini, mara chache jeraha hugoma kupona na mfupa wa taya ukabaki wazi. Kwa dozi ndogo hatari ni ndogo, kwa dozi za kila mwezi inaongezeka. Jino bovu ling'olewe kwanza, lipone, ndipo dawa ianze. Na ikiwa kalsiamu au vitamini D viko chini, virekebishwe kwanza, maana dawa inaweza kuishusha kalsiamu ya damu mpaka midomo na vidole vikawashawasha au misuli ikakaza.

Kuhusu kalsiamu ya shemeji, moyo wake ni mzuri na hesabu yake ni mbaya. Mwanaume wa umri huo anahitaji kama miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, na hiyo ni pamoja na chakula. Vidonge vinne vya 600 ni 2,400, kabla hajanywa hata tone la maziwa, na glasi moja ya maziwa ina karibu 300. Kupitiliza hivyo kunaleta choo kigumu na mawe kwenye figo, na mwili hauwezi kufyonza vizuri zaidi ya kama 500 kwa mara moja. Aanze na chakula: maziwa, mtindi, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, mboga za majani. Pengo likibaki, kidonge kimoja pamoja na vitamini D ya yuniti 800 hadi 1,000 kwa kawaida vinatosha, na daktari aseme. Tena mwambie shemeji kwamba kalsiamu peke yake haizuii upotevu unaoletwa na sindano za homoni. Ni sawa na kumletea mwashi tofali wakati wabomoaji bado wako kazini.

Ile chupa ifungwe leo. Dawa inayoahidi nguvu za kiume bila kueleza kilichomo inaweza kuwa na testosteroni au kitu kinachofanana nayo, yaani chakula kilekile ambacho kliniki imetumia miaka miwili na nusu kuinyima saratani. Msiimwage. Mpeni daktari aione, na mwambieni ukweli mumeo amekunywa kiasi gani na kwa muda gani.

Mwanao yuko sahihi nusu. Baba yake asiiname kuinua ndoo wala kujipinda akiwa na mzigo mpaka picha ipigwe. Lakini kumkalisha kutwa ni kumdhuru kwa upendo. Mfupa hujenga pale unapolemewa. Usipolemewa unajiona hauna kazi. Misuli nayo inaondoka upesi kwa tiba hii, na misuli ndiyo inayomdaka mtu anapoteleza. Kwa sasa atembee kwenye ardhi sawa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Picha zikitoka, mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia ampangie: kuinuka kwenye kiti bila kushika mikono, kupanda na kushuka kwa visigino, kusukuma ukuta, kuvuta mpira wa mazoezi, kusimama kwa mguu mmoja pembeni ya kitu cha kushika. Mara mbili au tatu kwa wiki, mzigo ukiongezwa taratibu. Kuogelea na baiskeli vina faida kwa moyo, ila mifupa inapata kidogo sana, kwa kuwa maji na kiti vinaibeba. Kama anavuta sigara, hii ndiyo sababu nyingine ya kuacha, na pombe ipungue.

Kisha angalieni usiku. Mgonjwa wa tezi dume huamka kukojoa, gizani, na usingizi haujamtoka. Hapo ndipo nyonga huvunjika, na nyonga ni balaa kubwa kuliko pingili. Wekeni taa njiani, toeni mkeka unaoteleza, wekeni kishikio bafuni. Kama anameza tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, au dawa ya presha, kizunguzungu cha kuinuka ghafla ni jambo la kawaida, basi akae ukingoni mwa kitanda ahesabu mpaka ishirini ndipo asimame.

Je, aache sindano? Asiache kwa uamuzi wake. Kuacha leo hakurudishi pingili iliyokwisha kujikunja, na testosteroni yenyewe huchukua miezi kurudi baada ya sindano ya mwisho. Kwa umri wake inaweza isirudi yote. Ila swali la rafiki yake si la kijinga likiulizwa mahali pake. Baada ya mionzi, kwa saratani kama hii, madaktari wengine hutosheka na miezi 18 na wengine hufika 36, kutegemea ukali wake. Amebakiza miezi sita. Ni halali kabisa kumwuliza daktari: "Kwa hali yangu, na mgongo huu, hizi zilizobaki zinaniongezea nini?" Huenda akasema zina uzito, zikamaliziwa huku mifupa ikilindwa. Huenda akasema zimetosha. Vyovyote iwavyo litakuwa limeamuliwa na mtu mwenye faili mkononi. Na wakati wowote akiongezewa abirateroni, dawa nyingine ya kushusha homoni, ambayo hutolewa pamoja na prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kumbukeni kwamba prednisoloni nayo hukondesha mifupa, mkaulize upya.

Limebaki swali lako zito. Kisheria na kimaadili daktari anaweza kubanwa asikupe wewe siri za mumeo, lakini hakuna kinachomzuia kukusikiliza. Ukiandika kikaratasi, "Kimo kilikuwa 172, sasa 168, aliumia mgongo akiinua ndoo miezi minne iliyopita, anaogopa kusema," muuguzi yeyote mwenye akili atajua la kufanya. Njia hiyo ipo. Lakini nisingeanza nayo. Mumeo amekuamini usiku ule, na mwanaume aliyekwisha kupoteza mengi kwa tiba hii hapendi kugundua kwamba na mazungumzo ya kitandani yanafika kliniki kabla yake. Mwambie waziwazi, na umwambie siku. Ningesema hivi: "Baba, nimekusikia unachoogopa. Nimeuliza, nimeambiwa mara nyingi ni mfupa uliokonda na una dawa. Jumatatu tunakwenda wote. Utasema wewe au nitasema mimi, lakini itasemwa." Mpe siku mbili tatu achague. Akikataa kabisa, hapo una haki yote ya kupeleka kikaratasi, na umwambie kwamba umekipeleka.

Lile shati usilifumue. Siku mtakayokwenda alivae vilevile lilivyo, na daktari akisema "mgongo ukoje?" mwombe ageuke.